Nusu Dozi ya Jirani

"Hivi shoga, zote hizo utazimeza peke yako?"

Aliyeniuliza hivyo ni Fundi Cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa amechungulia dirishani kwangu, futi yake ya kupimia nguo inaning'inia shingoni. Mume wangu alikuwa na miezi mitatu kaburini. Kifua kilikuwa kimenibana, na mezani palikuwa na pakiti ya vidonge vyekundu na vyeusi nilivyopewa hospitali, jumla ishirini na moja. Nilikuwa nimekwisha kumeza vitano na kifua kimeanza kufunguka. Nikavitazama vile vilivyobaki. Kweli nikaona haya, kama mtu aliyefumaniwa anakula kuku mzima nyuma ya mlango.

"Chukua nusu," nikamwambia.

"Mungu akuzidishie."

Mungu hana lawama katika yaliyofuata. Namtaja kwa sababu wakati ule nilidhani nimepata ufunuo.

Uani kwetu tuko kaya tisa, bomba moja, kamba nne za nguo. Wiki ile ile nililiosha kopo la biskuti, nikalianika, nikaliombea dua, nikaliweka juu ya kabati. Nikawaambia wenzangu: kuanzia leo, mgonjwa atameza nusu ya dozi, na nusu ataileta hapa iwe ya jirani atakayeugua kesho. Wakashangilia. Mwenyekiti wa ua, mzee mmoja mstaafu aliyekuwa mkaguzi wa tiketi, akafungua daftari jipya akaandika: "Katiba ya Kopo. Ibara ya Kwanza: Nusu ya kila dozi ni ya jirani." Akanipa kalamu nitie sahihi. Toka siku hiyo jina langu likawa Mama Kopo, na mtu aliyemaliza dozi yake peke yake alisemwa bombani mpaka ndoo zikajaa.

Majina ya dawa hatukuyajua wala hatukuyahitaji, tulikwenda kwa rangi. Nyekundu na nyeusi zilikuwa za kifua na za huzuni. Za njano zilikuwa za vidonda, na za mitihani ya shule. Nyeupe zenye mstari katikati zilikuwa za meno, za tumbo, na za kuku. Naam, kuku. Jogoo wa Mwenyekiti aliwahi kupewa mbili kwa sababu alionekana ana mawazo. Akapona, tukampigia makofi. Jirani yetu mmoja, mke wa dereva, alizisaga kwenye chungu cha maua. Kopo halikupungua hata siku moja. Kila aliyetoa alipata, na kila aliyepata alirudisha, na mimi kila jioni nilifuta vumbi juu ya kifuniko nikasema asante Mola kwa baraka hii.

Miaka minane tuliishi hivyo.

Mwanangu, kitinda mimba wangu, ni fundi rangi. Hupanda ngazi toka asubuhi, apake dari za watu, arudi na nyusi nyeupe kama bibi yake. Siku moja ngazi iliteleza, ndoano yake ya chuma ikamchana ugokoni. Si sana. Urefu wa kidole. Nikafungua kopo, nikampa za njano mbili, kesho yake mbili, keshokutwa kidonda kikacheka. Nasema kilicheka kwa sababu kilifunguka midomo. Nikaongeza nyekundu na nyeusi. Nikaongeza nyeupe. Mguu ukavimba mpaka goti likapotea.

Hospitali daktari aliukunja uso. "Umempa nini, mama?"

"Kila kitu, mwanangu."

"Ndicho ninachoogopa."

Akachukua usaha kwa kijiti cha pamba, akaupeleka maabara, akanivuta pembeni ya pazia. Alisema maneno machache. Ikipatikana dawa inayoviweza vijidudu vile, mguu utabaki. Isipopatikana mpaka Jumamosi, wataukata chini ya goti, kabla uchafu haujapanda juu. Ilikuwa Jumanne.

Fundi rangi wa mguu mmoja, ngazi ataipandaje? Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu njia nzima nikirudi kuchukua shuka. Sikulia. Nilihesabu vidato vya ngazi. Ni kumi na viwili.

Jumatano wakati wa jua kali mtaalamu wa maabara akaja uani kwetu mwenyewe, kijana mwenye miwani na ramani ndefu iliyoviringishwa. Alifuata usaha wa mwanangu kama mtu anayefuata moshi. Mwenyekiti akaitisha kikao palepale, watu wakaketi juu ya ndoo.

Mtaalamu akaitandaza ramani ukutani. Alikuwa amezunguka wilaya nzima akiandika dawa zinavyomezwa kila mtaa, kisha akapima kama vijidudu vya mtaa huo vinasikia dawa au havisikii. Panapomezwa sana amepaka nyekundu, panapomezwa kidogo kijani. Upande wetu wa barabara ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva. Ng'ambo, hatua nane tu kutoka getini kwetu, kijani tupu.

"Samahani kijana," Mwenyekiti akasimama. "Katika nyekundu zote, sisi ni wa ngapi?"

"Nyinyi? Nyinyi ndio wa kwanza."

Ua mzima ukalipuka makofi. Mke wa dereva akapiga vigelegele. Mwenyekiti akafunga kifungo cha koti, akauliza kombe litaletwa uani au tutalifuata ofisini, maana kabati la kuliweka lipo.

Mtaalamu alivua miwani akaipangusa, akaivaa tena. "Mzee, si mashindano. Maana yake vijidudu vyenu vimekuwa sugu. Mkimeza dawa bila sababu, au mkaishia njiani, wanyonge wanakufa, wakorofi wanabaki. Wakorofi wanapata uwanja mtupu, wanazaana. Mmekuwa mkiwafundisha kazi kwa miaka minane."

Makofi yakafa moja moja, la mwisho likiwa la Mwenyekiti, kwani husikia kwa sikio moja.

"Na wale wa ng'ambo?" akauliza Fundi Cherehani. "Wana dawa gani wanayotuficha?"

"Hawana kopo. Tena wana yule mama wa duka la dawa."

Tukaguna wote. Yule mama tunamwita Bibi Hapana. Ni nesi mstaafu, ana duka dogo lenye wavu, na ukienda kuomba vidonge bila karatasi ya daktari hakuulizi hata unaumwa nini. "Hapana." Umpigie magoti, "Hapana." Upande wetu tulimwona mchawi. Kumbe kijani chote kile kwenye ramani, asilimia kubwa, kilikuwa mdomo wa mwanamke mmoja mwenye kisirani.

"Sasa tukiacha," nikauliza mimi, "hivi vijidudu vitasahau viliyofundishwa?"

"Vingine vinaweza kulegea, mama, mkiacha kuvichokoza. Polepole. Vingine havisahau."

Mwenyekiti alisikia neno "kusahau" tu, kwa lile sikio zima. Mtaalamu hajavuka hata barabara, katiba ikarekebishwa. Ibara ya Pili: kwa kuwa vijidudu vinatakiwa kusahau, ni marufuku kutaja dawa mahali vinapoweza kusikia.

"Na viko wapi?" akauliza mke wa dereva.

"Kila mahali."

"Basi itabidi tunyamaze kila mahali."

Na watu wakatii! Paka wa mke wa dereva, aliyekuwa akiitwa Kidonge kwa ajili ya udogo wake, akaanza kuitwa Fulani, akawa haji kula. Tangazo la dawa ya kikohozi lililochorwa ukutani kwa mangi wa duka la kona likafunikwa kwa gunia, ili visilione vikakumbuka. Mtu akiumwa kichwa alikuja kwangu akanikonyeza, akinionyesha kabati kwa kidevu. Mimi namwambia, "Kopo limefungwa, ndugu yangu." Ananiziba mdomo kwa kiganja: "Shii! Vinakusikia!"

Ibara ya Tatu ilikuwa mbaya zaidi. Ilisema mtu akihisi homa inakuja, avuke barabara haraka, akaugulie ng'ambo, ambako vijidudu vina adabu.

Alhamisi nikitoka hospitali nikamkuta Mwenyekiti amekaa kwenye kibaraza cha Bibi Hapana, amejifunika blanketi, anapiga chafya kuelekea ukutani. Bibi Hapana ametoka na ufagio.

"Wewe mzee, unafanya nini hapo?"

"Naugua, mama."

"Si ukaugulie kwenu!"

"Kwetu vina kiburi. Nimekuja kupata vya hapa, vinavyosikia."

"Na hivyo ulivyokuja navyo puani umeviacha wapi? Umeviaga getini?"

Mwenyekiti akafikiri. Nilimwona kabisa akifikiri. Kisha akaziba pua kwa vidole viwili, akabaki amekaa.

"Ondoka," akasema Bibi Hapana. "Vijidudu havina pasipoti. Leo mnavileta nyinyi puani, kesho ramani yote itakuwa rangi moja." Akaanza kufagia miguu yake. Nami niliyesimama na kikapu cha uji nilitamani kucheka, nikashindwa, maana ilibaki siku moja.

Ijumaa asubuhi mtaalamu aliniita maabara. Akanionyesha kisahani cha kioo chenye kitu kama ukoko wa maziwa. "Hivi ndivyo vya mwanao," akasema. Juu yake alikuwa ametawanya vipande vya karatasi, vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja kimelowa dawa yake. Dawa ikiwa inafaa, vijidudu hukimbia, pakabaki duara safi kukizunguka kile kipande. Nikainama. Kipande cha kwanza, vilikuwa vimekisogelea mpaka ukingoni. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu vilikuwa vimekipanda. Vilikaa kama wageni waliokaribishwa, wakavua na viatu. Dawa zile nilizijua zote, ingawa karatasini hazikuwa na rangi. Niliwagawia majirani mwenyewe.

"Tazama hiki cha mwisho, mama."

Kipande cha mwisho kilikuwa na duara. Safi, pana, kama uwanja uliofagiwa.

Ilikuwa dawa ya zamani ya sindano. Watu waliikataa kwa sababu inauma kama kuumwa na nyuki, ikalala stoo miaka. Vijidudu vya uani kwetu havikuwahi kukutana nayo kwa sababu moja tu: haikuwahi kuingia koponi.

Nikaomba kiti. Niliposhukuru Mungu nikamaliza, nililitoa kwenye kikapu kopo nililolibeba toka nyumbani, nikampa yule kijana aende akaliteketeze anavyojua. Alilipokea kwa glavu mbili mbili, amelishika mbali na kifua, kama mtu aliyepewa nyoka amlee.

Daktari alinipa vichupa ishirini vya unga mweupe ndani ya boksi. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku kumi. "Vyote, mama. Hata kidonda kikifunga. Kikibaki kimoja tu, umevifundisha na hii. Nyuma yake mimi sina nyingine." Akaongeza kwamba sindano mwanangu anaweza kuchomwa karibu na nyumbani, kuna nesi mstaafu ana duka ng'ambo ya barabara yetu.

Basi nikawa navuka zile hatua nane asubuhi na jioni, mwanangu ameegemea bega langu, kichupa kimefungwa kwenye leso. Bibi Hapana alikuwa akisoma karatasi ya daktari kila mara, hata mara ya tisa, kama hajawahi kuiona. Akichoma, mwanangu anang'ata kola. Akimaliza anasema, "Jioni," au "Kesho," basi. Goti likarudi siku ya nne. Siku ya sita kidonda kilikuwa kimefunga, kimeacha mstari mweusi.

Uani habari haikai. Siku hiyo hiyo ya sita, baada ya chakula cha mchana, mlango ukagongwa. Mwenyekiti, mke wa dereva, na wengine watano, wameingia kwa mstari. Mwenyekiti ana daftari kwapani. Mke wa dereva ana kopo jipya, la majani ya chai, limebandikwa karatasi: KOPO.

Nilikuwa nimekaa juu ya boksi. Sikuinuka.

"Mama Kopo," Mwenyekiti akaanza, akishusha sauti ili vijidudu visisikie, "tumekuja kumpa pole mgonjwa."

"Ameshapoa."

"Ndilo tulilosikia. Sasa ile... ile hali... yule mgeni..."

"Sema sindano, baba. Mimi siogopi."

Wote wakatazama dari. Mwenyekiti akafungua daftari. "Ibara ya Kwanza. Nusu ya kila dozi ni ya jirani. Sahihi, Mama Kopo. Hii si sahihi yako?"

"Yangu."

"Viko ishirini. Vilivyotumika ni kumi na kimoja. Tena tukuonee huruma, ulishavuka nusu. Hivyo tisa ni vya umma."

Mwanangu alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Akainua kichwa. "Baba, nyumba yako nilipoipaka nilikupakia mikono mingapi ya rangi?"

"Miwili."

"Si ulisema mmoja unatosha, ukuta umeshapendeza?"

"Nilisema."

"Na kaka yako aliyenikatalia wa pili, ukuta wake ulikuwaje mvua ya kwanza?"

Mwenyekiti akakohoa. "Hayo ni mambo ya rangi. Sisi tuko kwenye mambo ya katiba. Tupige kura. Wanaotaka vigawanywe?"

Mikono saba ikapanda, pamoja na ule wenye kopo.

"Wanaokataa?"

Tukapandisha mikono mimi na mwanangu.

"Mama Kopo, kura hupigwa watu wamesimama."

"Mimi nitapiga nimekaa."

"Huoni umeshindwa?"

"Nimeshindwa, baba. Lakini nimekaa." Nikawaambia tena, taratibu, maana walikuwa majirani zangu na niliwapotosha mimi: "Ile sheria niliitunga kwa moyo mweupe, na ni mbaya. Nimekwisha kwenda kwa Mungu nayo, sasa naja kwenu. Futeni. Anayeumwa nitampeleka hospitali kwa miguu yangu hii, apimwe vyake. Lakini hivi hapana."

Nilipolitamka lile neno nilijishtukia. Mke wa dereva akawanong'oneza wenzake, "Ameambukizwa huko ng'ambo."

Mwenyekiti akalifunga daftari. Akatangaza kwamba toka saa hiyo nimevuliwa ukopo. Nikasema nimevuliwa. Wakatoka kwa mstari, kopo lao tupu, na kwa siku tatu bombani nikisogea watu wakasogea.

Fundi Cherehani hakuwa kwenye lile kundi. Huyo ndiye aliyelala na mimi chumba kimoja siku zote za eda yangu. Aliniosha nywele, alinilisha kwa kijiko nilipokuwa sitaki kumeza. Alikuja siku ya kumi, alasiri, peke yake. Kwenye boksi kilibaki kichupa kimoja, cha jioni ile.

Alikaa mkekani. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya kanga. Akautoa, akafungua kitambaa. Kidole cha shahada kilikuwa kimekuwa kama kitovu cha mtoto mchanga, chekundu, kinang'aa.

"Sindano ya cherehani," akasema. "Wiki sasa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ibara ya Pili." Akatabasamu upande mmoja, kisha tabasamu likamtoka. "Shoga, sikuja kwa katiba. Mwanao anatembea, nimemwona leo bombani, amebeba ndoo. Kile kimoja kilichobaki kitamfanyia nini? Nipe mimi."

"Kimoja hakitakutibu."

"Nitajaribu."

"Kitakuharibia. Na yeye kukikosa kutamharibia. Mtaalamu alisema..."

"Mtaalamu, mtaalamu! Nilipokuosha mimi nilimwuliza mtaalamu?" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Mwanao ana miguu miwili ya kupandia ngazi. Mimi nina kidole kimoja cha kushonea. Wewe unajua ninakula kwa kidole gani."

Nilijua. Nilikitazama kile kidole na moyo ukanilegea kama siku ile ya dirishani. Boksi lilikuwa wazi kati yetu. Angenyoosha tu mkono wa kushoto. Hakuunyoosha. Alingoja nimpe mwenyewe.

"Hapana," nikasema. "Vaa viatu twende hospitali sasa hivi, mimi na wewe. Wakupime vyako, wakupe dozi yako, nzima. Nitakaa nawe kila siku mpaka uimalize. Nitakusagia, nitakusukia, nitakufulia. Lakini hiki hapana, shoga yangu. Hapana."

Alinitazama usoni muda mrefu, kama anayenipima mabega apate kukata kitambaa. Nikaona machozi yanamjaa na hayadondoki. Akakizungushia kidole kitambaa chake, mara moja, mara mbili, akafunga fundo kwa meno. Akainuka mkekani, akausukuma mlango kwa kiwiko, akatoka, akaingia kwake akafunga.